Mbele ya kuwa Waziri wa Kwanza, Lumumba aliuzisha Polar

Leo tunapenda kuongea juu ya Patrice Emery Lumumba. Mtasema: ile habari tunaijua tangu shule ya msingi. Ni kweli. Kila mtu anajua 30 Juni 1960. Kila mtu wa Lubumbashi anajua Shilatembo, pale walipomwua pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, usiku wa 17 Januari 1961. Lakini kuna mwaka mmoja na kitu wa maisha yake ambao watu wanaupita mbio, sawa vile ni jambo la haya. Ni ule wakati alipofanya kazi ya kuuzisha pombe. Kazi ile leo vijana wanaisomea kwenye universite, wanaiita marketing.

Tunaiandika juu katika kambi zetu kuna mawazo fulani yanayotuumiza. Kwa wazazi wengi kazi ni mbili tu: mgodi ao biro. Mtoto akipata diplome, baba anaanza kumtafutia mlango wa kampuni, miaka miwili, miaka mitano, na kijana anakaa nyumbani anangoja kuitwa. Akijaribu kuuzisha bidhaa za watu, jirani wanasema masomo yake yamekufa. Na sisi tuliona mwaka 2003 namna zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa mgodi walivyotoka kwa mara moja na ile karatasi iliyoitwa ya kuondoka kwa mapenzi. Siku ile wengi walijua kuchimba, kuyeyusha, kutengeneza mashini. Kuuzisha, hawakujua. Basi tumsikilize mtu huyu namna alivyoanza.

Alizaliwa 2 Julai 1925 kijijini Onalua, teritware ya Katako-Kombe, katika Sankuru. Ni Mutetela. Wazazi walikuwa walimaji. Alisoma kwa wamisioni, Wakatolika na Waprotestanti, akaacha shule bila kumaliza, akatoka kwenda kutafuta kazi. Na kazi ya kwanza, wandugu, aliipata wapi? Kwa wachimbaji. Alikuwa karani Kalima, katika Maniema, kwa Symétain, kampuni ya kasiteriti. Hakukaa sana pale, lakini alikula mkate wa mgodi sawa sisi, na aliishi katika inchi ya Kiswahili, lugha iliyomfaa mpaka mwisho.

Mwaka 1944 akafika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akaingia posta. Kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa mtu wa posta. Usiku alisoma: masomo kwa njia ya barua, vitabu vya maktaba, magazeti. Aliandika yeye mwenyewe katika magazeti ya wakati ule. Alisimamia vyama vingi, pia kile cha wafanyakazi weusi wa posta, na sisi wa sendika tunapenda kukumbusha jambo hilo, juu wengi wanalisahau. Mwaka 1951 akaoa Pauline Opango. Mwaka 1954 akapata karti ya imatrikulasio, ile iliyompa mtu mweusi haki ya kuhesabiwa karibu na mzungu mbele ya sheria. Mara ya kwanza walimkatalia, akarudia tena mpaka wakampa. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin alipopita Stanleyville, Lumumba aliongea naye. Mwaka 1956 alipelekwa Ubelgiji kutembea. Kwa macho ya wazungu alikuwa mfano wa mtu mweusi aliyeendelea.

Julai 1956, aliporudi tu, wakamfunga. Feza za posta zilikosekana, zaidi ya franka 100 000. Hakukana kwamba alizichukua. Alijitetea kwamba walimwomba aishi sawa mzungu, avae sawa mzungu, apokee wageni sawa mzungu, na mshahara ulikuwa wa mweusi. Sisi hatutasema kuiba ni vizuri. Lakini yule aliyelipwa nusu kwa kazi ile ile anaelewa hesabu hiyo. Walimhukumu miaka 2, kifungo kikapunguzwa, akatoka buloko Septemba 1957.

Hapa tusimame kidogo. Tumwone mtu huyu siku anapotoka. Ana miaka 32. Ana bibi na watoto. Posta haitamtaka tena, na serikali yote vilevile, juu karatasi yake ya buloko inajulikana. Stanleyville, pale alipokuwa mkubwa, watu walimwona akiingia mahakama. Diplome kubwa hana. Na mwaka ni mbaya: 1957 bei ya shaba imeanguka katika dunia, kazi zinakosekana kila mahali katika koloni, na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, imejaa watu wasio na kazi. Akaenda kule kule. Watu zaidi ya 300 000, na yeye mgeni.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Bracongo, kiwanda cha pombe ya Polar.

Lazima kueleza soko lile lilikuwa namna gani. Léopoldville ilikuwa na pombe mbili zilizopigana. Primus ya Bralima ilikuwa ya zamani, watu waliizoea tangu kabla ya vita ya 1940. Polar ilikuja nyuma. Na juu ya Polar uvumi mbaya ulitembea mjini, eti inaharibu mwili wa mwanaume. Ninyi mnajua uvumi wa namna hii, hata hapa kwetu Simba na Tembo zilishapitia maneno ya watu. Mtu anasikia kwa rafiki, rafiki alisikia kwa shemeji, na kesho chupa hainunuliwi. Hakuna bango linaloweza kuzuia hayo. Bango haliwezi kumjibu mtu.

Wakubwa wa kiwanda walikuwa wazungu. Hawakuingia site usiku, hawakukaa katika bare za Kalamu ao za Dendale kusikia watu wanasema nini. Walihitaji mtu mweusi anayeweza kusimama mbele ya wanywaji, kuongea, kucheka, kujibu, halafu kesho asubuhi kuandika raporo nzuri kwa Kifaransa. Lumumba alikuwa mtu huyo. Walimpa usimamizi wa kuuzisha, jina lake direkta wa biashara, na mshahara uliopita kabisa ule wa posta. Kwa mweusi wa 1958, jina la direkta lilikuwa jambo la kushangaza.

Kazi yenyewe ilikuwa miguu na mdomo. Alizunguka bare moja kwa moja. Aliingia, akasalimia, akawatolea watu Polar ya bure, akaketi, akaongea. Hakuongea pombe tu: aliongea bei ya muhogo, kazi, wazungu, watoto, muziki. Ulikuwa wakati wa Kabasele na African Jazz, wakati wa OK Jazz iliyokuwa changa, na bare za Léopoldville zilikuwa mahali pa mambo yote. Serikali ya koloni ilikataza vyama vya siasa kwa muda mrefu, lakini haikukataza watu kukaa mezani. Mtetela akizungumza Kitetela alijibiwa Kitetela. Aliyetoka upande wa mashariki alisikia Kiswahili. Wengine Lingala, wengine Tshiluba, na karani mwenye tai alipata Kifaransa kizuri cha vitabu. Polar ikaanza kutoka. Vitabu vya maisha yake vinasema jambo hilo: pombe iliuzwa.

Sasa sisi hatusifu pombe. Tuliona katika kambi mishahara inayoishia kantini mbele ya kufika kwa mama wa nyumba, na kama kungekuwa na kitu kingine cha kuuzisha katika hadisi hii tungefurahi. Lakini tuangalie kazi, tuache chupa. Mtu aliyetoka buloko alijifunza kwa miezi michache mambo ambayo posta haikumfundisha kwa miaka kumi. Kwa posta mtu anakuja kwenye dirisha lako, anapanga mstari, anangoja. Kwa kuuzisha ni wewe njo unayekwenda. Hakuna anayekuhitaji. Unaingia mahali pa watu wenye mambo yao, na kwa dakika tano lazima ujue nani anasikilizwa pale, nani anacheka, nani ana kisirani, watu wanaogopa nini. Kama wanaogopa ule uvumi, usijifanye huusikii. Kunywa mbele yao.

Tena alijifunza kurudi. Kijana anayeanza kuuzisha anaweza kufikiri kazi ni kusema vizuri mara moja. Hapana. Mwenye bare anayekukatalia Jumatatu unamsalimia tena Alhamisi, unamwuliza mtoto wake aliyekuwa mgonjwa, na huongei Polar hata kidogo. Na kazi ile ina hesabu: leo kreti ngapi ziliingia hapa, ngapi zilirudi na chupa tupu, sababu gani bare ya pili haikuchukua. Karani wa posta alijua hesabu tayari. Ndiyo maana tunawaambia vijana wetu: ile komptabilite mliyosoma haikufa, inahitajiwa huko vilevile.

Jambo moja tuliseme kama sendika, juu ni kazi yetu. Lumumba aliajiriwa. Alikuwa na cheo, na mshahara kila mwezi. Leo tunaona vijana wa kambi wanavikwa tisheti na kofia ya bidhaa fulani, wanasimama jua lote kwenye soko na rond-point, wanalipwa kwa siku, bila karatasi, na wanaambiwa hiyo ni marketing, wavumilie. Kuanza chini si haya, lakini sheria iko. Kode ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inasema mkataba uwe wa kuandikwa, na kama hakuna maandishi, unahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho mpaka patron aonyeshe kinyume. Tena inasema: mtu wa kulipwa kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi katika miezi 2, na akaajiriwa tena mbele ya ile miezi 2 kuisha, kuajiriwa kule kunahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho. Kijana aandike siku zake katika kaye, na tarehe, na jina la aliyemtuma. Kaye hiyo ndiyo itamsemea siku ya palabre.

Turudi Léopoldville. Mji ule ulikuwa umeanza kuchemka. Desemba 1957 watu walipiga kura za komine kwa mara ya kwanza, kule na hapa Elisabethville na Jadotville pia. Kule Abako ya Bakongo ilishinda, na Kasa-Vubu akawa burgomestre wa Dendale. Upande mwingine walikuwa watu wa juu ya mto, walioitwa Bangala. Lumumba hakuwa wa huku wala wa kule. Mgeni wa Sankuru, na Batetela katika mji walikuwa wachache. Mwanasiasa wa kabila angekuwa amekwisha pale pale. Lakini mwuzaji hana kabila la kuchagua: anayekunywa Primus leo ni mtu wa Polar wa kesho, hata akiwa Mukongo, Mungala, Muluba ao Muswahili. Kwa mwaka mzima aliingia kila komine na kukaa na kila mtu. Tunaona, na ni mawazo yetu, kwamba hapo njo lilipokomaa lile wazo lake la Kongo moja isiyogawanyika. Alilisoma katika vitabu, ni kweli. Lakini katika bare alilishika kwa mkono.

10 Oktoba 1958 chama cha MNC kikazaliwa, na yeye akachaguliwa prezida. Pamoja naye walikuwa watu wa mji waliojulikana kumpita: Joseph Iléo, Joseph Ngalula, Gaston Diomi, na Cyrille Adoula ambaye alikuwa mtu wa sendika. Mtu aliyekuwa na mwaka mmoja tu katika mji, tena aliyetoka buloko, aliwezaje kupita hao? Wao walijua kuandika. Yeye alijua kuandika, na alijua pia watu wa komine kwa sura. Desemba ile akaenda Accra, kwa mkutano mkubwa wa watu wa Afrika ulioitwa na Nkrumah. Aliporudi, 28 Desemba, aliwaita watu wa Léopoldville kusikia habari, na walikuja kwa maelfu. Wiki moja nyuma, 4 Januari 1959, mji uliwaka moto, na tangu siku ile koloni haikuwa tena sawa zamani.

Mwaka 1959 aliacha kiwanda, akafanya paka siasa. Wabelgiji wengi na adui zake waliendelea kumcheka, eti mwuzisha bia. Walifikiri ni tusi. Lakini angalia namna alivyofanya chama: anatembea, anafika mahali, anafungua seksio, anaacha mtu wa kuisimamia, anakwenda mbele, anarudi. Ni ile kazi ya bare, imepanuliwa kwa inchi nzima.

Kosa lake lilionekana pia. Mwuzaji hodari anapenda kufanya yote peke yake, na wenzake walimlaumu kwamba anaamua bila wao. Julai 1959 Iléo, Adoula, Ngalula na Kalonji wakajitenga, MNC ikawa mbili. Oktoba akaita mkutano Stanleyville, mji ukachafuka, watu wakafa, na 1 Novemba akafungwa mara ya pili. Kura za Desemba kule Stanleyville zilipigwa yeye akiwa ndani, na chama chake kikazoa karibu viti vyote. Hiyo inaonyesha seksio zake ziliweza kutembea bila yeye. Januari 1960 walimhukumu miezi 6 na kumleta huku kwetu, buloko ya Jadotville, ndiyo Likasi. Hakukaa. Table Ronde ya Bruxelles ilikuwa imeanza, wajumbe walimtaka, wakamtoa kwa siku chache tu, akafika Ubelgiji na alama za pingu kwenye mikono.

Kura za Mei 1960 zinasema mambo kwa namba. Chama chake kilipata viti 33 kati ya 137 vya bunge, kupita chama kingine chochote. Vyama vingi vilikuwa vya kabila moja ao provense moja. Chake kilipata viti katika provense tano kati ya sita: 21 Orientale, 5 Kivu, 4 Kasai, 2 Équateur, na 1 Léopoldville, provense ya ule mji wa Polar. Provense ya sita ni Katanga. Hapa kwetu hakupata hata kiti kimoja. Watu walikuwa wamegawanyika kati ya CONAKAT na Balubakat, na yeye alikuwa hajapata wakati wa kuzunguka kambi za Union Minière sawa vile alivyozunguka bare za Kalamu. Tunafikiri mara nyingi juu ya jambo hilo, sisi tunaoishi katika nyumba za kambi zile. Mji asioufikia kwa miguu yake njo mji alioletwa amefungwa kamba.

Wabelgiji walirudisha kile kilichobaki cha mwili wake, jino moja, Juni 2022. Jeneza lilipita Onalua, Kisangani na Shilatembo, na wengi wetu tulisimama barabarani kuliona. 30 Juni likazikwa Kinshasa, katika komine ya Limete, komine moja na kiwanda cha Bracongo cha leo.